Kutosubiri si kusahau: Jinsi programu zinavyotunza kazi ambazo majibu yake huchelewa

MFANYABIASHARA wa vitunguu katika Soko la Misuna, Manispaa ya Singida, anapolipa ushuru kwa simu ya mkononi, fedha zake hupita katika kompyuta nyingi kabla stakabadhi haijatoka. Kampuni ya simu ina kompyuta zake, Serikali ina zake, na halmashauri ina mfumo wake. Hakuna hata moja kati ya hizo inayojua kwa hakika kama nyingine iko hewani kwa wakati huo.

Mara nyingi safari hiyo huisha katika sekunde chache na hakuna anayeifikiria. Siku mtandao unapoyumba ndipo swali huwa zito. Fedha zimekatwa kwenye simu, mfumo wa halmashauri unaonyesha kwamba deni bado lipo, na dereva wa lori anataka kuondoka. Je, mfanyabiashara alipe tena?

Jibu la swali hilo hutegemea kwa kiasi kikubwa namna programu zilivyoandikwa, hususan katika eneo ambalo wataalamu wa kompyuta huliita uandishi wa programu wa asinkroni. Huo ni utaratibu wa kuifanya programu ianzishe kazi, iendelee na kazi nyingine, kisha ishughulikie jibu la ile ya kwanza litakapofika.

Sinkroni na asinkroni

Katika programu ya sinkroni, amri hutekelezwa moja baada ya nyingine. Programu ikiiuliza kanzidata swali, husimama papo hapo mpaka ijibiwe, ndipo iendelee na mstari unaofuata. Utaratibu huu una sifa moja kubwa: ni rahisi kuusoma na kuukagua, kwa sababu mpangilio wa maandishi ndio mpangilio wa matukio.

Katika programu ya asinkroni, swali huulizwa na programu ikaendelea na shughuli nyingine. Jibu linaweza kufika baada ya nukta moja, baada ya saa nzima, au lisifike kabisa. Majibu ya maswali matatu yanaweza pia kufika kwa mpangilio tofauti na ule yaliyoulizwa.

Mfano ulio karibu na wakazi wa Singida ni mashine ya kukamua alizeti. Mkulima anayefika na magunia yake wakati wa msimu hukuta foleni. Anaweza kukaa juu ya magunia hayo tangu asubuhi mpaka zamu yake ifike. Anaweza pia kuyaacha, akaandikwa daftarini, akapewa kipande cha karatasi chenye namba, kisha akaenda sokoni au kumwona mgonjwa hospitalini. Jioni hurudi na karatasi yake akachukua mafuta na mashudu.

Katika mfano huo, alizeti haikukamuliwa haraka zaidi, kwani mashine ni ileile na foleni ni ileile. Kilichookolewa ni siku ya mkulima. Pili, utaratibu wote umeegemea karatasi na daftari. Kimojawapo kikipotea, hakuna atakayejua mafuta ni ya nani. Tatu, ni lazima mkulima arudi, au awepo mtu wa kumfuata kumwambia kwamba kazi imekwisha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa programu za asinkroni, usemi huo ni kanuni ya kazi.

Gharama ya kusubiri

Kichakataji cha kompyuta chenye mwendo wa gigahezi 2 hupiga mapigo bilioni 2 kwa sekunde moja. Jibu kutoka seva ya mbali likichukua robo sekunde, mapigo milioni 500 yatakuwa yamepita. Kwa binadamu robo sekunde ni kufumba na kufumbua. Kwa kompyuta ni muda ambao ingeweza kuhudumia watu wengine wengi.

Njia ya zamani ya kukabiliana na tatizo hili ni kuajiri wasubiri wengi. Kila mteja anapoingia, seva humpa uzi wake wa utekelezaji, na uzi huo ukikwama, nyuzi nyingine huendelea. Lakini kila uzi una gharama yake ya kumbukumbu. Uzi mmoja ukitengewa megabaiti 1, kama ilivyo kawaida katika mifumo mingi ya Java, wateja 10,000 kwa pamoja wataweza kuhitaji gigabaiti 10 kwa ajili ya kusubiri tu.

Mwaka 1999 mhandisi wa Marekani, Dan Kegel, aliandika makala iliyolipa tatizo hilo jina: je, seva moja inawezaje kuhudumia wateja 10,000 kwa wakati mmoja? Miongoni mwa majibu yaliyofuata ni nginx, programu ya seva iliyoandikwa na Mrusi Igor Sysoev na kutolewa kwa umma mwaka 2004, na Node.js, iliyotolewa na Ryan Dahl mwaka 2009.

Zote mbili hutumia kile kinachoitwa mzunguko wa matukio. Uzi mmoja huzunguka kama mama lishe mwenye majiko matatu. Wali ukiwa motoni, hasimami kuutazama. Anakatakata mboga, anapokea fedha ya mteja, kisha anageuza chapati. Kila jambo linapomwita hulishughulikia kwa muda mfupi na kuendelea na lingine.

Mfano huo unaonyesha pia udhaifu wa mbinu yenyewe. Mteja mmoja akimshika mama lishe kwa mazungumzo ya nusu saa, majiko yote matatu huharibika. Vivyo hivyo, hesabu moja nzito ndani ya mzunguko wa matukio huwasimamisha wateja wote wa seva hiyo.

Katika simu za mkononi sheria ni kali zaidi. Kuanzia toleo la 3.0 la mwaka 2011, mfumo wa Android huizuia programu kuwasiliana na mtandao kupitia uzi mkuu, ambao ndio unaochora kioo na kupokea mguso wa kidole. Programu isipoitikia mguso kwa sekunde 5, mfumo humwonyesha mtumiaji ujumbe kwamba programu hiyo haijibu, na kumuuliza kama anataka kuifunga.

Ahadi ni deni

Mbinu ya kwanza kuenea ya kuandika kazi za namna hii ni mwito wa marejesho. Mwandishi wa programu huandika kipande cha msimbo na kuuambia mfumo: jibu likifika, kiite kipande hiki. Mbinu hii inatosha kwa kazi moja. Lakini kazi ya pili ikitegemea jibu la kwanza, na ya tatu ikategemea la pili, vipande huingiana kimoja ndani ya kingine mpaka msimbo unakuwa mgumu kusomeka, na kosa lililotokea katikati hukosa mtu wa kulishughulikia.

Mbinu ya pili ni ahadi. Kazi inapoanzishwa, programu hupewa mara moja kitu kinachowakilisha jibu ambalo bado halijafika, mfano wa kile kipande cha karatasi cha mashine ya alizeti. Ahadi huwa katika hali moja kati ya tatu: inasubiriwa, imetimizwa, au imevunjika. Wazo hili si geni. Daniel Friedman na David Wise walitumia neno hilo katika maandishi yao ya mwaka 1976, na mwaka 1988 Barbara Liskov na Liuba Shrira walilikuza kwa ajili ya mifumo ya kompyuta zinazowasiliana kwa mbali. Katika lugha ya JavaScript, ahadi ziliingizwa rasmi katika viwango vya mwaka 2015.

Mbinu ya tatu ni maneno mawili ya msimbo, "async" na "await". La kwanza hutangaza kwamba kazi fulani inaweza kusimama njiani. La pili huonyesha mahali inaposimama kungoja ahadi itimizwe. Wakati kazi hiyo imesimama, uzi wake huachwa huru ukahudumie wengine. Faida yake ni kwamba msimbo husomeka tena kutoka juu kwenda chini kama wa sinkroni. Maneno hayo yaliingia katika lugha ya C# mwaka 2012, Python mwaka 2015 na JavaScript mwaka 2017. Kotlin, inayotumiwa sana kuandika programu za Android, ilikamilisha mfumo wake wa korutini mwaka 2018.

Java ilifuata njia nyingine. Toleo la 21 la Septemba 2023 lilileta nyuzi nyepesi, ambazo programu moja inaweza kuwa nazo kwa mamia ya maelfu bila kubeba mzigo wa kumbukumbu wa nyuzi za zamani.

Waswahili husema ahadi ni deni, na hapo ndipo makosa mengi hutokea. Mwandishi anayeanzisha kazi na kusahau kuingoja huwa ameacha deni lisilo na mdai. Kazi ikishindikana, hakuna anayejua. Kwa miaka mingi Node.js ilikuwa ikitoa onyo tu pale ahadi ilipovunjika bila msimbo wa kulipokea kosa hilo. Kuanzia toleo la 15 la Oktoba 2020, utaratibu wa kawaida ulibadilishwa: programu yote huzimwa. Uamuzi huo ulitokana na hoja kwamba ni afadhali programu ianguke hadharani kuliko iendelee kufanya kazi ikiwa imepoteza jambo kimyakimya.

Kumbukumbu namba inavyopatikana

Mfano wa asinkroni unaowagusa Watanzania wengi ni Mfumo wa Malipo ya Serikali kwa Njia ya Kielektroniki, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017 chini ya Wizara ya Fedha. Huu ndio unaotoa kumbukumbu namba ya malipo, ambayo mitaani huitwa kontroli namba, yenye tarakimu 12 na kuanza na 99.

Mwananchi huona namba moja tu, lakini nyuma yake kuna mazungumzo ya hatua kadhaa. Kwanza, taasisi inayodai, mathalani halmashauri, huutumia GePG ujumbe wenye maelezo ya ankara, ukiwa na saini ya kidijitali. GePG haitoi namba papo hapo. Hujibu tu kwamba ujumbe umepokewa. Baadaye, ikisha kuukagua, GePG yenyewe huipigia hodi seva ya halmashauri na kuikabidhi kumbukumbu namba. Halmashauri nayo hujibu kwamba imeipokea.

Malipo hufuata utaratibu huohuo. Mwananchi akilipa kupitia benki au simu, taarifa hufika GePG, kisha GePG huitaarifu taasisi husika na kungoja ikiri kupokea. Kila upande una wakati wake wa kuuliza na wakati wake wa kuulizwa.

Kwa mhandisi wa halmashauri hili lina maana kubwa. Programu yake haiwezi kuandikwa kwa kudhani kwamba atume ankara kisha asome namba katika mstari unaofuata. Ni lazima ankara ihifadhiwe kwanza katika kanzidata ikiwa na hali ya "inasubiri", na iwepo seva iliyo macho saa zote kupokea namba itakapoletwa. Mwananchi anayesimama kaunta naye ni lazima aambiwe ukweli: ombi limepokewa, namba itafika. Ujumbe unaosema "imekamilika" wakati kilichokamilika ni kupokewa kwa ombi tu ni chanzo cha malalamiko mengi yanayoweza kuepukwa.

Utaratibu una kinga nyingine ya mwisho, nayo ni usuluhishi wa hesabu. Taasisi huiomba GePG orodha ya miamala ya siku iliyopita na kuilinganisha na daftari lake. Muamala ambao taarifa yake ilipotea njiani mchana hubainika katika ulinganisho huo.

Malipo kwa simu

Huduma za fedha kwa simu zimejengwa juu ya msingi kama huo. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008. Zilipofunguliwa milango ya kuunganisha programu za wafanyabiashara na huduma hizo, waandishi wa programu walikutana na asinkroni ana kwa ana.

Mlango wa Safaricom wa Kenya, unaoitwa Daraja, unaonyesha vizuri jambo hili. Duka la mtandaoni linapotaka kumtoza mteja, hutuma ombi, na simu ya mteja huonyesha dirisha la kuingiza namba ya siri. Daraja hujibu duka mara moja kwa namba ya ufuatiliaji na msimbo 0. Msimbo huo humaanisha kwamba ombi limekubaliwa kushughulikiwa. Fedha bado hazijahama, kwani mteja huenda hata hajaitoa simu mfukoni.

Matokeo halisi huletwa baadaye kwenye anwani ambayo duka liliitaja. Huko nako 0 humaanisha malipo yamefanikiwa, 1 humaanisha salio halitoshi, na 1032 kwamba ombi limekatishwa, mathalani na mteja mwenyewe. Mwandishi anayechanganya 0 ya kwanza na 0 ya pili huruhusu bidhaa itoke dukani bila kulipiwa. Tofauti kati ya "nimekusikia" na "nimemaliza" ndiyo roho ya programu za asinkroni, iwe Nairobi au Singida.

Jibu lisipofika

Ugumu mkubwa huanza pale kimya kinapotawala. Programu imetuma ombi na muda umepita. Kuna mambo matatu yanayowezekana: ombi halikufika, ombi limefika lakini bado linashughulikiwa, au kazi imefanyika na jibu ndilo lililopotea. Kwa aliyetuma, hali zote tatu zinafanana.

Jambo hili lina mzizi katika nadharia. Mwaka 1978 mtaalamu wa kanzidata, Jim Gray, alilieleza kwa kisa cha majenerali wawili walio katika vilima viwili, wanaotaka kushambulia kwa pamoja na wanategemea wajumbe wanaoweza kutekwa bondeni. Kila jenerali anayetuma ujumbe anahitaji uthibitisho, na aliyetuma uthibitisho anahitaji kujua kama nao umefika. Imethibitishwa kihesabu kwamba hakuna idadi ya wajumbe inayoweza kuwapa wote wawili uhakika kamili.

Kwa kuwa uhakika kamili haupatikani, wahandisi hutumia mbinu nne zinazofanya kazi kwa pamoja.

Ya kwanza ni kikomo cha muda. Hakuna ombi linaloachwa lisubiri milele. Baada ya sekunde zilizowekwa, programu hukata tamaa kwa utaratibu na kuandika kwamba hali ya ombi hilo haijulikani. Neno "haijulikani" ni muhimu, kwani kuandika "limeshindikana" kungekuwa kudai jambo ambalo halijathibitishwa.

Ya pili ni kujaribu tena kwa subira. Jaribio la pili huja baada ya sekunde chache, la tatu baada ya muda mrefu zaidi, na muda huo huongezwa maradufu kila mara, ukichanganywa na bahati nasibu kidogo. Sababu ni kwamba seva iliyozidiwa ikiamka na kukuta maelfu ya programu zimeigongea mlango kwa nukta moja, huanguka tena.

Ya tatu ni kuifanya kazi iweze kurudiwa bila madhara. Kila muamala hupewa namba ya pekee na upande unaoutuma, kabla haujatumwa. Ukirudiwa, seva huitazama namba hiyo, huona kwamba kazi ilishafanyika, na hurudisha jibu lilelile la awali bila kutoza tena. Mfanyabiashara wa vitunguu analindwa na kanuni hii. Programu iliyoandikwa vizuri inaweza kutuma taarifa ya malipo yake mara 10 na ushuru ukaandikwa mara moja tu. Iliyoandikwa vibaya itamhesabia malipo mawili, au itamlazimu alipe mara mbili.

Ya nne ni kuuliza hali. Badala ya kutuma malipo mapya, programu huuliza: muamala wenye namba hii umefikia wapi? Swali hilo halihamishi fedha, hivyo linaweza kuulizwa mara nyingi bila hofu.

Foleni na mashine za ushuru

Mkoa wa Singida una halmashauri saba: Manispaa ya Singida na halmashauri za wilaya za Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika mkoani humo, lakini mtoza ushuru hafanyi kazi yake kando ya mkongo. Yuko mnadani, gulioni au kizuizini, ambako mtandao huenda na kurudi.

Hapo ndipo mashine za POS zinapotumia aina nyingine ya asinkroni, yaani foleni ya kuhifadhi na kupeleka baadaye. Mashine huandika muamala katika kumbukumbu yake, hutoa stakabadhi, na mtandao ukipatikana hupeleka miamala yote iliyolimbikizwa. Kwa programu za simu za Android, kampuni ya Google ilitoa maktaba ya WorkManager, iliyokamilika mwaka 2019, inayohakikisha kwamba kazi iliyoahirishwa haipotei hata simu ikizimwa na kuwashwa tena.

Foleni huleta unafuu, na huleta pia mwanya. Ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikitaja mara kwa mara mashine za POS za halmashauri zilizokaa nje ya mtandao kwa muda mrefu, pamoja na makusanyo ambayo hayakufikishwa benki. Mashine iliyo nje ya mtandao kwa saa sita huenda imekosa minara. Iliyo nje ya mtandao kwa wiki sita inahitaji kuulizwa maswali.

Kwa macho ya mhandisi, hilo ni tatizo la foleni isiyo na msimamizi. Ni lazima mfumo wa makao makuu ujue kila mashine ilizungumza nao lini mara ya mwisho, stakabadhi zake zifuatane kwa namba bila kuruka, na ukimya unaozidi kikomo uamshe taarifa kwa mhasibu. Pasipo hayo, teknolojia iliyokusudiwa kumsaidia mtoza ushuru aliye mbali humsaidia pia anayetaka kuficha.

Funzo la mwaka 2021 na 2024

Mei 2021 wateja wa TANESCO walipata shida ya kununua umeme wa LUKU kwa siku kadhaa kutokana na hitilafu ya mfumo. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na huduma za intaneti zikadorora Tanzania na nchi jirani.

Matukio ya namna hiyo hayawezi kuzuiwa na mwandishi wa programu aliye Singida. Hata hivyo, yeye ndiye anayeamua programu yake itafanya nini wakati huo. Iliyoandikwa kwa kutegemea jibu la papo hapo itaganda, mtumiaji ataifunga na kuifungua, atabonyeza tena, na kila mbonyezo unaweza kuzaa muamala mpya. Iliyoandikwa kwa asinkroni iliyo makini itaandika ombi, itamwonyesha mtumiaji namba yake, na itaendelea kulifuatilia mtandao utakaporejea.

Mahali pa kutumia na mahali pa kuacha

Asinkroni haifai kila kazi. Programu ndogo inayosoma faili moja na kuchapa ripoti ya mwezi haina sababu ya kubeba ugumu huo. Kazi inayotumia kichakataji muda wote, kama kukokotoa mishahara ya watumishi wengi, haiharakishwi na asinkroni, kwa sababu hakuna kusubiri kwa kuokolewa. Hiyo inahitaji vichakataji zaidi.

Aidha, kazi zinazokwenda sambamba zinaweza kugongana. Wahudumu wawili wa programu wakisoma salio la sh. 50,000 kwa wakati mmoja, kila mmoja akatoa sh. 40,000 na kuandika salio jipya la sh. 10,000, sh. 80,000 zitakuwa zimetoka katika akaunti isiyo nazo. Kinga ni kuiachia kanzidata ifunge rekodi wakati wa kubadilishwa, au kupanga kazi za akaunti moja katika foleni moja.

Kwa halmashauri, shule, zahanati au kampuni inayoagiza programu, yapo maswali machache yanayoweza kuulizwa bila kuwa mtaalamu. Mtandao ukikatika katikati ya malipo, mteja ataona nini kwenye kioo? Taarifa ileile ikifika mara mbili, hesabu itasomeka mara ngapi? Miamala ambayo hali yake haijulikani inaorodheshwa wapi, na ni nani anayeipitia kila asubuhi? Seva ikizimika usiku na kuwashwa alfajiri, kazi zilizokuwa njiani zitaendelea au zimepotea?

Mwandishi wa programu anayeweza kuonyesha majibu hayo kwa vitendo, kwa kuchomoa waya wa mtandao mbele ya mteja wake na kuuchomeka tena, ameijua kazi yake. Asiyeweza, inafaa aagizwe arudi kuyatengeneza kabla msimu wa mavuno haujaanza na malori hayajapanga foleni Misuna.